Namna ya Kununua Vyakula vya Kilimo Hai kwa Bajeti Ndogo

Mtu mwenye kipato kidogo anapotaka kununua vyakula vya kilimo hai, kwa kawaida huanza kwa kutafuta mahali penye bei nafuu, na akishaona kwamba hata bei hiyo nafuu inamzidi uwezo, huliacha wazo lote. Kutafuta bei nzuri kunasaidia, na nitakueleza mbele, lakini kwa maoni yangu si mahali pa kuanzia. Sehemu kubwa ya fedha za kugharimia chakula hicho tayari imo ndani ya jiko: imo katika kile kinachotupwa, katika kiasi cha nyama kinachonunuliwa kila juma, na katika vyakula vilivyosindikwa ambavyo mnunuzi hulipia kazi ya kiwanda na kifungashio kuliko chakula chenyewe.

Jambo hili limewahi kujaribiwa kwa kiwango kikubwa. Jiji la Copenhagen lilijiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2015, asilimia 90 ya chakula kinachopikwa katika majiko yake ya umma, yakiwemo ya vituo vya watoto na nyumba za kutunzia wazee, kiwe cha kilimo hai, na lilifika karibu sana na lengo hilo bila kuongeza bajeti ya kununulia vyakula. Fedha zilitumika kuwafundisha wapishi upya. Walipunguza nyama, wakaongeza mboga, nafaka na vyakula vya jamii ya kunde, wakafuata msimu, wakaacha kununua vyakula vilivyokwisha kuandaliwa na kuanza kupika wenyewe, na wakawa makini na kinachobaki kwenye masufuria. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo ambayo haiwezekani katika jiko la nyumbani, na ndizo zinazoongoza maelezo yafuatayo.

Jua kwanza unalipia nini

Kilimo hai huzuia mbolea za viwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na karibu viuatilifu vyote vinavyotengenezwa kwa kemikali za viwandani. Hakizuii kila dawa: pareto, salfa na baadhi ya michanganyiko ya shaba huruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo anayenunua akiamini kwamba zao halijawahi kuguswa na dawa yoyote anajidanganya, ingawa ni kweli kwamba mabaki ya viuatilifu katika mazao haya huwa machache zaidi. Kuhusu virutubisho, uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2012 haukupata ushahidi madhubuti kwamba vyakula hivi vina lishe bora kuliko vya kawaida, lakini ulithibitisha tofauti katika mabaki ya viuatilifu.

Maana yake kwa mwenye bajeti ndogo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na faida za kufikia kiwango hicho zinapatikana hata kwa mazao ya kawaida. Ikiwa kununua mboga za kilimo hai kutakulazimu upunguze kiasi cha mboga unachokula wewe na watoto wako, basi usinunue. Nunua za kawaida, zioshe vizuri, na mle za kutosha. Sharti hili naliweka mbele ya mengine yote, kwa sababu nimeona watu wenye nia njema wakila mboga chache kuliko zamani kwa kuogopa zile wanazozimudu.

Baada ya hapo, jifunze kusoma lebo, kwa maana hakuna hasara mbaya kuliko kulipia neno tupu. Maneno kama “asilia”, “halisi” au “ya shambani” hayana uzito wa uthibitisho wa kilimo hai, hata yakipambwa kwa picha ya jani la kijani. Kinachothibitisha ni nembo ya mfumo unaokaguliwa pamoja na jina au namba ya chombo kilichokagua. Chini ya kanuni za Marekani, bidhaa iliyosindikwa yenye nembo rasmi ni lazima angalau asilimia 95 ya viambato vyake, bila kuhesabu maji na chumvi, viwe vya kilimo hai. Yenye angalau asilimia 70 inaweza kutaja kwamba imetengenezwa kwa viambato hivyo, lakini hairuhusiwi kuweka nembo. Umoja wa Ulaya nao hutumia kiwango cha asilimia 95, na nembo yake, jani lililochorwa kwa nyota, huambatana na namba ya mkaguzi. Kwa matunda yanayouzwa moja moja katika maduka makubwa, tazama kibandiko: namba yenye tarakimu tano inayoanza na 9 huashiria kilimo hai, hivi kwamba ndizi ya kawaida yenye namba 4011 huwa 94011.

Panga fedha kwa kufuata sababu yako

Chukua risiti za mwezi mzima, au kama hupewi risiti, andika kwenye daftari kila chakula unachonunua pamoja na kiasi chake. Mwishoni utaona kwamba vyakula vichache, pengine vinane au kumi, ndivyo vinavyojaza sahani zenu siku zote, na vingine ni vya kupita tu. Ongeza fedha kwenye vile vinavyoliwa kila siku. Hakuna sababu ya kununua kikolezo cha kilimo hai kinachotumika mara moja kwa mwezi huku mboga ya majani inayoliwa kila jioni ikiwa imepigwa dawa sana.

Swali linalofuata ni kwa nini unataka chakula hiki, nalo hupuuzwa ilhali ndilo linalopaswa kupanga orodha. Ikiwa unachohofia ni mabaki ya viuatilifu mwilini, basi tanguliza mazao yenye ganda jembamba au yanayoliwa na ganda lake, pamoja na mboga za majani. Shirika la Environmental Working Group la Marekani hutoa kila mwaka orodha inayotokana na vipimo vya serikali ya nchi hiyo, na kwa miaka mingi stroberi, spinachi, zabibu, matofaa na pichi zimekuwa miongoni mwa mazao yenye mabaki mengi, ilhali parachichi, nanasi, vitunguu, papai na kabichi zimekuwa upande wa mabaki machache. Wanasayansi kadhaa wameikosoa orodha hiyo kwa kutopima ipasavyo kiasi cha mabaki na ukali wa kila dawa, na sampuli zake ni za soko moja, kwa hiyo ichukue kama dira tu. Kanuni iliyo nyuma yake lakini inaeleweka kwa yeyote: ganda nene unalolitupa humkinga mlaji.

Ganda hilo, hata hivyo, halimkingi mkulima. Ikiwa sababu yako ni udongo, maji na afya ya watu wanaofanya kazi mashambani, orodha hubadilika kabisa. Ndizi ni mfano ulio wazi: mlaji humenya na kutupa ganda, hivyo mabaki yanayomfikia ni machache, lakini mashamba makubwa ya ndizi za kuuzwa nje hunyunyiziwa dawa za ukungu mara nyingi kwa mwaka, mara nyingine kwa ndege, na wanaoivuta hewa hiyo ni wafanyakazi na majirani zao. Anayejali hilo ataona ndizi ya kilimo hai ina thamani kuliko stroberi ya kilimo hai, na kwa kuwa tofauti ya bei ya ndizi mara nyingi huwa ndogo, huo ni mmoja kati ya ununuzi wa kwanza ninaoupendekeza. Wengi wetu tuna sababu zote mbili. Basi chagua vitu viwili au vitatu kutoka kila upande, na uviache vingine kwa sasa bila kujilaumu.

Anza na vyakula vikavu

Mwenye fedha kidogo apitie kwanza upande wa maharage, dengu, kunde, mchele, shayiri na unga kabla ya kufika kwenye matunda. Hapa nyongeza ya bei, hata ikionekana kubwa kwenye kilo, huwa ndogo sana ukiigawa kwa sahani. Chukua maharage. Gramu 100 za maharage makavu, yakilowekwa usiku kucha na kuchemshwa, hutoa takriban gramu 240 za maharage yaliyoiva. Kopo la kawaida la gramu 400, ukishamwaga maji yake, lina maharage yapatayo gramu 240 hizo hizo. Kwa hiyo kilo moja ya maharage makavu ni sawa na makopo kumi hivi. Linganisha sasa bei ya kilo moja ya maharage makavu ya kilimo hai na bei ya makopo kumi ya maharage ya kawaida. Katika masoko mengi utakuta kwamba yale ya kilimo hai ndiyo ya bei ya chini. Kinachokugharimu ni kukumbuka kuloweka usiku na moto wa kuchemshia, na moto huo utaupunguza ukichemsha mengi kwa pamoja kisha ukayagandisha kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja.

Vyakula vikavu pia ndivyo vinavyofaa kununuliwa kwa jumla. Gunia moja likigawanywa kati ya kaya tatu au nne humpa kila mmoja bei ya jumla bila kumlundikia chakula ndani, mradi mpatane mapema nani atalipa lini na nani atapima. Nafaka za kilimo hai hazihifadhiwi kwa dawa za ghalani zilizozoeleka, hivyo fukusi huweza kuzishambulia upesi. Mwenye friza aziweke humo siku nne au zaidi kabla ya kuzihamishia kwenye vyombo vikavu visivyopitisha hewa. Asiye na friza anunue kiasi cha mwezi mmoja tu, kwani punguzo la gunia halina maana ikiwa robo yake italiwa na wadudu.

Katika duka kubwa, usidharau bidhaa zenye chapa ya duka lenyewe. Zikiwa na nembo ya uthibitisho, zimekaguliwa kwa kanuni zile zile kama za chapa mashuhuri iliyo rafu ya juu yake, na mara nyingi tofauti ya bei ni gharama ya matangazo. Soma bei ya kilo, si bei ya pakiti. Mboga zilizogandishwa nazo zina nafasi yake: huvunwa katika kilele cha msimu, hugandishwa upesi, na hakuna jani linalotupwa.

Kuhusu biskuti, vibanzi, juisi na nafaka tamu za kilimo hai, ushauri wangu ni mfupi. Ziache. Sukari ya kilimo hai ni sukari, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mlaji kupata chochote cha maana.

Nunua kwa mkulima, na umuulize maswali

Mazao ya msimu huwa na bei ya chini kwa sababu yanapatikana kwa wingi kwa wakati mmoja, na mkulima wa kilimo hai, ambaye mazao yake huweza kuharibika upesi kwa kuwa hayapakwi dawa za ukungu baada ya kuvunwa, anataka kuyauza haraka. Hapo mnunuzi ana nafasi nzuri. Fika sokoni saa za mwisho, uulizie yaliyopinda, madogo au yenye doa, na ueleze kwamba unayataka kwa supu au kwa kugandisha. Wauzaji wengi hufurahi kuyapunguza kwa bei kuliko kuyarudisha shambani.

Wakulima wadogo wengi hulima kwa kanuni za kilimo hai bila cheti, kwa kuwa ada za ukaguzi ni mzigo kwa mwenye shamba dogo. Sheria za Marekani zenyewe humruhusu mkulima ambaye mauzo yake ya mazao hayo hayazidi dola 5,000 kwa mwaka kuyaita ya kilimo hai bila cheti, mradi afuate kanuni na asitumie nembo. Katika nchi kadhaa kuna mifumo shirikishi ya uthibitisho, ambamo wakulima na walaji hutembeleana mashambani na kukaguana wao kwa wao kwa gharama ndogo, na shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, lililoanzishwa mwaka 1972, linaiunga mkono. Ukikutana na mkulima asiye na cheti, muulize anatumia nini kurutubisha udongo, mwaka jana wadudu walipovamia alifanya nini, na mwaka huu amepanda nini pale palipokuwa na zao la mwaka jana. Mkulima anayefanya kazi hiyo kweli hujibu kwa majina ya mimea, kwa tarehe, na mara nyingi kwa malalamiko juu ya mdudu fulani aliyemshinda. Anayejibu kwa jumla kwamba “sisi hatutumii kemikali” na kuishia hapo, nunua kwake ukipenda, lakini kwa bei ya kawaida.

Ulizia pia mazao ya kipindi cha mpito. Shamba haliwi la kilimo hai kwa siku moja: Marekani hudai miezi 36 ipite tangu dawa au mbolea iliyokatazwa itumike mara ya mwisho, na Umoja wa Ulaya hudai miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kwa mazao ya kudumu. Katika muda huo mkulima hubeba gharama zote za njia mpya bila kuruhusiwa kudai bei yake kamili. Mazao yake yamelimwa kwa namna ile ile, ni nafuu, na fedha zako humfikia wakati anapozihitaji kuliko wakati wowote mwingine. Sijui ununuzi wenye manufaa kuliko huo kwa pande zote mbili.

Ipo vilevile njia ya kulipia sehemu ya mavuno mapema na kupokea kapu kila juma. Wajapani waliianza kwa jina la teikei katika miaka ya 1970. Bei ya kapu kwa kawaida ni nzuri, lakini huchagui kilichomo, kwa hiyo inamfaa anayeweza kupika chochote kitakacholetwa; asiyeweza atajikuta anatupa nusu. Jaribu kwa kugawana kapu moja na jirani.

Nyama, maziwa na mayai

Hapa ndipo tofauti ya bei huwa kubwa zaidi, kwa sababu mnyama hulishwa chakula cha kilimo hai na hupewa nafasi zaidi. Marekani hairuhusu mnyama aliyetibiwa kwa antibiotiki auzwe kama wa kilimo hai. Umoja wa Ulaya huruhusu matibabu hayo kwa mipaka mikali. Anayeona jambo hilo ni la maana asijaribu kununua kiasi kile kile cha nyama kwa bei mpya, kwani hataweza. Apunguze siku za nyama, siku zilizobaki atumie maharage na mayai, kisha nyama chache anayonunua iwe nzuri, na iwe ya sehemu ngumu zinazohitaji kuchemshwa polepole, ambazo mara nyingi huwa na bei ya chini.

Usitupe ulichokilipia

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia wauzaji na walaji, na asilimia 60 ya kilichotupwa kilitoka majumbani. Piga hesabu hiyo kwenye kapu lako. Ukitupa sehemu moja katika kila tano za mboga unazonunua, basi zile unazokula zimekugharimu robo zaidi ya bei iliyoandikwa sokoni. Katika mboga kadhaa, robo hiyo inatosha kulipia tofauti yote kati ya za kawaida na za kilimo hai.

Kwa hiyo nunua kidogo na mara nyingi. Mboga za majani zikifika nyumbani, toa yaliyovunjika, zifunge kwa kitambaa kikavu kinachofyonza unyevu, kisha uzitie kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji. Usizioshe hadi wakati wa kupika. Karoti zikate majani mara moja, kwa kuwa hunyonya maji ya mzizi na kuufanya uwe laini. Vitunguu na viazi vitenge, na matofaa yasikae pamoja na mboga za majani, kwani gesi yanayotoa huzifanya zigeuke rangi ya manjano mapema. Zao la kilimo hai pia hukupa chakula zaidi kwa uzito ule ule: karoti haina haja ya kumenywa, inatosha kusuguliwa, majani ya biti hupikwa kama spinachi, mashina ya brokoli yakikatwa vipande vyembamba huiva sawa na vichwa vyake.

Kwa vile utakavyoendelea kununua vya kawaida, na vitakuwa vingi, visugue kwa mkono chini ya maji yanayotiririka, bila sabuni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts uliochapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba kuloweka matofaa katika maji yenye gramu 10 za bikaboneti ya soda kwa kila lita, kwa dakika 12 hadi 15, kuliondoa kabisa mabaki ya juu ya ganda ya dawa mbili zilizopimwa, ingawa sehemu iliyokuwa imepenya ndani ya ganda haikutoka.

Badilisha chakula kimoja kwa wakati mmoja. Mwezi wa kwanza uwe wa maharage. Ukiona bajeti imestahimili, ongeza mboga ya majani au ndizi mwezi unaofuata, kisha endelea kwa utaratibu wa orodha yako. Msimu wa zao fulani ukiisha na bei ikapanda, rudi kwenye zao la kawaida, na fedha hizo uzihamishie kwenye zao lililoanza kuvunwa.